Mafiga Yaliyosimama

Panga la Ngabo lilikuwa limekwisha kuonja bega la kaka yangu pale jembe lilipogonga jiwe. Ile sauti ya chuma juu ya jiwe iliwageuza watu wote kutazama shimoni. Kaka yangu Manzi alikuwa amepiga magoti shimoni, damu ikimtiririka mkono mzima hadi kwenye mpini, na chini ya jembe lake udongo ulikuwa umegeuka. Wa juu ulikuwa mweusi, umejaa mizizi, udongo wa malisho kama mwingine wowote. Huu ulikuwa mwekundu na mgumu kama tofali. Udongo uliokwisha kupikwa.

"Jiko," Manzi akasema. "Munaona? Iko jiko ya mama."

Ngabo alisimama ukingoni, panga likining'inia kando ya goti lake, akihema kama aliyepanda mlima mbio. "Iko jiko ya kwetu. Na weye utatoka mu hii shimo na miguu yako, ao tutakutoa sisi."

"Kuja unitoe basi. Ile panga yako haikate hata majani ya sombe."

Kapita Straton, ambaye chefu wa eneo letu alikuwa amemtuma kuja kugawanya viwanja, aliingiza fimbo yake katikati yao. Alikuwa mtu mnene, na jasho lilikuwa limemlowesha shati mpaka kiunoni. "Mukiuana hapa," akasema, "nitawazika wote wawili mu iyo shimo, na kiwanja nitapatia ng'ombe."

Mimi nilikuwa nyuma ya mama, nikimwangalia Manzi anavyofuta damu kwa kiganja na kushika mpini tena. Kisha nikaangalia lile jiwe.

Kilima chetu kinaitwa Rusekera, kiko juu ya Mushaki, upande ule ambao ukungu huondoka wa mwisho. Ukipita leo utasema hapajawahi kuishi mtu. Ni nyasi tupu, na upepo ukizilaza zinalala upande mmoja kama manyoya ya ndama. Lakini mtu aliyezaliwa pale akiinama ataona. Ataona isusa, ule mmea unaochoma ngozi, umeota kwa mstari ulionyooka, kwa sababu isusa hupenda mahali palipomwagwa majivu na mavi ya ng'ombe miaka mingi. Ataona bonde dogo, jembamba, linashuka kwenda kisimani: wanawake ndio walilichimba kwa nyayo zao bila kujua kwamba wanachimba. Ataona miyenzi, ile minyaa iliyokuwa ua wa nyumba, imerefuka kupita kiasi kwa kukosa mtu wa kuikata. Na fuko, wale wanyama wasio na macho, wanapochimba mashimo yao wanatupa nje vigae vya vyungu, makaa, siku moja hata kifungo cha shati. Mimi nilisoma mpaka darasa la sita tu, lakini kile kilima niliweza kukisoma. Nilikaa kimya nikakisoma asubuhi nzima kabla watu hawajaanza kugombana.

Tulikuwa tumetoka Lushebere, kambini, ambako tuliishi chini ya turubai tangu utoto wangu hadi nikawa mtu mzima. Baada ya sisi kukimbia, mtu mmoja mwenye ng'ombe alikuja akazungushia kilima chote waya, akafuga. Kisha vita vikapita tena barabarani, naye akauza mifugo yake akaenda. Chefu akatangaza kwamba watu wa zamani wanaweza kurudi, kila mmoja pale alipokuwa, ila aonyeshe alama.

"Alama ni jiko ao kaburi," Kapita Straton alituambia kambini, amesimama juu ya kibao ili asichafue viatu. "Maneno ya kinywa, hapana. Kila muntu iko na kinywa."

Shida ilikuwa bwawa. Yule mwenye ng'ombe alileta mashini ya kuchimba akatengeneza bwawa la kunyweshea, na lile bwawa lilimeza upande wote wa chini wa kijiji. Kati ya maji na miyenzi, fuko walikuwa wametupa majivu mahali pamoja tu. Na pale palikuwa na nyumba mbili, yetu na ya Papa Munyakazi, baba yake Ngabo, ukuta ukitazamana na ukuta hivi kwamba mtu wa kwao akikohoa usiku, kwetu tunasema pole. Moja ilikuwa imebaki chini ya nyasi. Nyingine ilikuwa imekwenda na maji. Hakuna aliyejua ni ipi.

Na ndani ya kila nyumba mlikuwa na maiti.

Ya kwetu ilikuwa ya baba, Hakorimana. Ya kwao ilikuwa ya Hilaire, kifungua mimba wa Papa Munyakazi, ambaye siku ile alikuwa na homa akashindwa kukimbia. Nyumba ziliwaangukia zikiwaka moto, na mpaka siku hiyo ya kuchimba hakuna aliyekuwa amerudi kuzika. Kwa hiyo hatukugombea kiwanja tu. Tuligombea ni nani atapata kaburi na ni nani atabaki akitazama maji.

Manzi alitaka shamba, sikatai. Alikuwa amechoka kulimia watu kwa kilo ya unga. Lakini mama hakutaja shamba hata mara moja. Njia nzima ya kupanda alikuwa anasema neno lile lile, kwa sauti ya mtu anayejisemea: "Nataka tu kujua fasi gani analala. Niwe napalilia juu yake."

Siku ile wauaji walipokuja ilikuwa ni wakati wa kuvuna maharage. Manzi alikuwa amepeleka mbuzi kilimani juu tangu alfajiri, na hilo ndilo lililomwokoa. Mimi nilikuwa uani nikipepeta. Nilisikia sauti kutoka upande wa kanisa, nikadhani ni mtu anapasua kuni kavu. Kisha ngoma ya kanisa ikaanza kulia na ikakatika katikati, kana kwamba mpigaji ameitwa.

Baba alitoka nyuma ya nyumba, akanishika mkono. Watu walikuwa wanakimbia kwenye ile njia ya kisimani, mmoja na kuku kifuani, mwingine na mtoto kichwa chini. Moshi ulikuwa umeanza upande wa juu. Baba akamwita mama. Mama hakutoka. Baba akainama mlangoni, na mimi, kwa kuwa mkono wangu ulikuwa mkononi mwake, nikainama naye, nikaona.

Mama alikuwa amechuchumaa jikoni, anayabomoa mafiga.

Kwetu mwanamke anayehama haachi mafiga yake yamesimama. Anakiondoa chungu, anayaangusha yote matatu, kila moja upande wake. Mafiga yaliyosimama yanangoja kupikiwa, na mgeni akija akapikia juu yake, watoto wa mwenye nyumba watakula mikononi mwa watu maisha yao yote. Bibi alimfundisha mama hivyo, na bibi alifundishwa na mama yake. Chungu cha maharage kilikuwa kimemwagika pembeni, moto ulikuwa bado unawaka, na mama alikuwa anayashika yale mawe kwa mikono mitupu. Nilisikia ngozi yake ikilia.

"Béata, wacha ile mawe," baba akasema.

"Imebaki moja tu."

"Béata."

"Moja tu, Hakori. Watoto wasije kukula kwa watu."

Baba akaniachia mkono. Akanisukuma ndani ya miyenzi kwa nguvu hata matawi yakavunjika, na yale maziwa ya miyenzi yakaniingia jichoni, yakawaka kama pilipili. Kilichofuata nilikiona kwa jicho moja. Baba alisimama mlangoni, mgongo kwa mama, uso kwa ua. Walikuwa wavulana watatu, wenye mabuti yasiyo saizi yao. Mmoja alivaa shati la shule. Hawakuuliza kitu. Panga la kwanza alilipokea kwa mkono, la pili kwa mkono ule ule, na mkono haukuwepo tena kupokea la tatu. Alishika mlango kwa mkono uliobaki. Aliushika mpaka mwisho, akashuka nao taratibu, kama mtu anayetafuta pa kukaa. Nyuma mama alipasua ukuta wa matete kwa bega, akatoka upande wa pili. Kisha yule wa shati la shule akachukua nyasi zinazowaka kutoka paa la nyumba ya Munyakazi, akazirusha juu ya nyumba yetu.

Mama ana makovu viganjani. Kambini waliomuuliza aliwajibu kwamba ni uji. Hakuwahi kuniomba ninyamaze, kwa sababu hakujua kwamba niliona, na mimi sikuona sababu ya kumwongezea mzigo. Na unga tulipewa na watu, na mafuta tulipewa na watu, na hata turubai.

Kapita aliamuru Manzi atoke, akawaweka vijana wake wawili waendelee kuchimba. Manzi hakutoka. Alichimba pamoja nao, bega likiendelea kuvuja. Papa Munyakazi alikuwa amekaa kwenye nyasi, kofia juu ya goti. Alikuwa amezeeka kwa namna ya mti uliochomwa: umesimama lakini ndani hamna. Siku ile ya maharage yeye alikuwa sokoni Mushaki. Mkewe alikimbia kijiji kikiungua, akafia kambini kwa kuhara, mwaka wa kwanza.

Jiwe la kwanza likatokea lote. Kando yake la pili. Halafu la tatu. Yalikuwa meusi, yamekaa vichwa karibu karibu, yamesimama imara katikati ya duara ya ule udongo mwekundu, na kati yake majivu meupe kama unga, kama ya jana.

Nilisogea ukingoni, nikayahesabu tena.

Kisha mfupa. Ulikuwa mfupa wa mguu, umelala kando ya mafiga, umebadilika rangi kwa moto. Mmoja wa vijana akaacha koleo akafanya ishara ya msalaba. Manzi aliuona, akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, si ya kilio. "Papa," akasema.

"Apana kugusa," Ngabo akasema. "Iko kaka yangu. Usimuguse na ile mikono yako."

"Kimya, wote," Kapita akasema. Akageuka. "Mama Béata. Ingia uangalie. Iko mafiga yako?"

Mama alishuka shimoni kwa kukaa, kama wanavyoshuka wanawake kisimani. Akaweka kiganja juu ya jiwe la kwanza. Akaweka juu ya la pili. Alikaa hivyo muda mrefu, kichwa chini. Niliona mgongo wake tu, na nilijua anachokijua. Yale mawe hayakuwa yameguswa na mtu. Yalikuwa yamesimama pale pale mwenye nyumba alipoyaweka.

"Njo yenyewe," mama akasema. "Iko mafiga yangu."

"Béata," Papa Munyakazi akasema kutoka nyasini. Hakumwita Mama. "Béata, apana. Mimi sikukuwa, ni kweli. Bibi yangu njo angelijua, na amekufa. Lakini angalia muzuri. Uniambie ukiniangalia."

Mama hakumwangalia.

Kapita aliinua fimbo yake kuikita chini, kutupa sisi kiwanja, na hapo Ngabo akaruka. Aliruka shimoni na panga juu, na Manzi akampokea kwa jembe. Sijui nieleze vipi. Ilikuwa haraka na ilikuwa ndefu. Jembe lilimpata Ngabo mkononi, panga likaanguka, na vidole vyake viwili vikabaki vimeshikwa na ngozi tu. Hakupiga kelele. Aliviangalia kama vya mtu mwingine. Kisha akamwingia Manzi kwa kichwa, wakaanguka juu ya ile mifupa, wakawa wanaumana, wanatafutana macho kwa vidole, na mifupa chini yao ikawa inavunjika. Mama alikuwa amebanwa ukutani mwa shimo, amekumbatia jiwe. Vijana wa Kapita walivuta mguu huu na mguu ule. Manzi akajinasua, akasimama, akalishika jembe kwa mikono miwili. Ngabo alikuwa chini, amelala chali. Nililiona jembe likipanda.

"Haya haiko mafiga yetu," nikasema.

Sikusema kwa nguvu. Mimi si mtu wa kusema kwa nguvu. Lakini jembe lilikaa juu.

"Unasema nini?"

"Ya kwetu haikusimama. Mama aliibomoa. Nilikuwa pale, kaka. Weye haukukuwa."

Manzi alinitazama. Nadhani hata kabla sijamaliza alikuwa amekwisha kuamini, na ndiyo maana alipiga. Alitoka shimoni kwa hatua moja, akanipiga mdomoni kwa mpini wa jembe. Nilisikia meno yakivunjika kabla sijasikia maumivu. Nilikaa chini. Aliinua tena.

"Muache," mama akasema.

Alisema kutoka kule chini, bado amekumbatia lile jiwe. "Muache, Manzi. Anasema kweli. Niliyabomoa yote matatu. Papa yenu aliniambia niwache, nikamujibu imebaki moja. Alibaki sababu yangu mimi." Akafungua viganja, akavionyesha, si kwa Kapita, bali kwa Manzi. "Haiko uji. Alikufa mu mulango, akiwafungia njia. Na huyu analala pa moto. Huyu ni mugonjwa alikuwa anaota moto."

Upepo ulilaza nyasi, ukaziinua. Manzi alishusha jembe. Alimtazama mama kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba aliyolala miaka yote ina mlango wa pili. Halafu akaliacha jembe liende lenyewe, akaenda kukaa mbali, bega lake likiwa limeelekezwa kwetu.

Ngabo alikuwa amekaa, mkono ameubana kwapani. "Karibu uniue juu ya kaka yangu mwenyewe," akasema polepole, hata si kwa Manzi.

Kapita Straton alikita fimbo. Haikuhitaji maneno, naye hakuyatafuta. Kiwanja cha Munyakazi kikawa cha Munyakazi. Kisha akatazama bwawa, akamtazama mama. Alama ni jiko ao kaburi. Alikwenda kumfunga Ngabo mkono kwa kitambaa chake cha shingoni.

Papa Munyakazi alishuka shimoni kwa shida. Akaanza kuokota. Alikuwa amekuja na gunia la mchele, jeupe, lenye maandishi mekundu, na alikuwa anaweka mfupa mmoja mmoja ndani yake, akipuliza vumbi kwanza. Mama alimwangalia. Mimi nilikuwa natema damu kwenye isusa.

"Papa Munyakazi," mama akasema. "Hapana mu gunia."

"Sina kingine, Mama Béata. Kwangu hakuna tena mwanamuke."

Mama akasimama. Akafungua kikwembe chake, kile kitenge cha buluu chenye ndege, kile kimoja alichokuwa nacho kisichokuwa na kiraka, alichokuwa amekivaa kwa ajili ya baba. Akakitandaza juu ya udongo mwekundu. Akapiga magoti na shumizi yake ya nailoni, mbele ya wanaume wote wale, akamsaidia kuokota. Aliyapanga yale mabaki kwa utaratibu, ya miguu na ya miguu, ya mikono na ya mikono. Kichwa alikipata yeye, kimevunjika upande mmoja, sijui kwa moto wa zamani au kwa vita vya Manzi na Ngabo. Alikifuta kwa ukingo wa shumizi.

"Alikuwa anakohoa," akasema. "Usiku ule wa mwisho. Tulimusikia."

"Mulimuambia pole?"

"Hakori alimuambia."

Papa Munyakazi akatikisa kichwa kukubali. Wakafunga kikwembe kwa mafundo mawili. Walimzika pale pale, kando ya jiko, na mzee mwenyewe, kabla udongo haujarudishwa, aliyaangusha yale mafiga matatu, kila moja upande wake, kwa niaba ya mkewe.

Mama aliuliza kitu kimoja tu. Aliuliza ukuta wetu, ule uliotazamana na wao, ulikuwa upande gani. Yule mzee akaonyesha kwa kidevu, kule kwenye maji. Yalikuwa maji ya matope, yametulia, na ndege mdogo alikuwa anatembea ukingoni akitafuta wadudu. Mama aliyaangalia kwa muda ambao mtu huangalia sufuria aone kama imechemka. Halafu akaniambia, "Twende. Hiyo kinywa inataka chumvi."

Tulishuka. Manzi alitangulia mbali, na kila tulipofika kwenye kona alikuwa anapotelea kwenye nyingine. Wiki ile ile alichukua blanketi lake kambini akaondoka kuelekea Walikale, kwenye mashimo ya madini, na salamu zake zinatufikia kupitia watu wengine.

Barabarani, pale Mushaki, wanawake wauza fromaji, ile jibini ya kwetu, walikuwa wamekaa na mabeseni yao. Walimwona mama anakuja na shumizi, udongo mwekundu umemshika mpaka magotini, na mimi nyuma yake, mdomo umevimba kama wa ng'ombe. Mwingine yeyote wangemcheka. Yule wa mwisho, mama mmoja mnene mwenye mtoto mgongoni, akavuta beseni lake kutupisha.

"Pole, Mama," akasema. "Nani amekufa?"

"Hilaire," mama akamjibu. "Mutoto wa jirani."

"Amekufa leo?"

Mama alisimama.

"Leo tumemuzika," akasema.